Tope la majitaka linapogoma kukamuka: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Tope linalotolewa kwenye matangi ya kutuamisha ya mtambo wa kusafisha majitaka huwa na maji asilimia 96 hadi 99, na kazi ya kitengo cha ukamuaji ni kuyaondoa maji hayo kadiri inavyowezekana kabla tope halijasafirishwa. Mita za ujazo 100 za tope lenye yabisi asilimia 2 zina tani 2 tu za yabisi kavu. Likikamuliwa hadi asilimia 20 hubaki takriban tani 10 za keki (tope lililokwisha kukamuliwa), na likifikishwa asilimia 25 hubaki tani 8. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ya maabara ndiyo inayoamua idadi ya safari za malori, na ndiyo sababu kila mara keki inapolainika simu huanza kulia.

Malalamiko karibu yote hutajwa kwa jina la mashine: mkanda (wa mashine inayobana tope kati ya mikanda na rola) unamwaga, sentrifuji (ngoma inayolizungusha tope kwa kasi ili kutenganisha maji) inatetemeka, parafujo (skrubu ya ndani inayosukuma keki) imekwama. Hata hivyo, mashine ni mahali ambapo tatizo huonekana, na mara chache sana ndiyo mahali linapoanzia. Kwa sababu hiyo uchunguzi katika mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja kwa kila dalili, yaani tope lenyewe kwanza, kisha polima (kemikali inayounganisha chembe za tope kuwa madonge), na mwisho mashine. Anayeanza na spana kabla ya kupima tope mara nyingi hurekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu, na kesho yake ana matatizo mawili.

Kabla ya kugusa chochote

Vipimo vitatu vinahitajika: kiwango cha yabisi katika tope linaloingia, katika keki inayotoka, na katika maji ya mkamuo, yaani maji yanayotenganishwa na tope na kurudishwa mwanzoni mwa mtambo. Sampuli zote tatu zichukuliwe katika kipindi kimoja, mashine ikiwa imetulia, kisha zikaushwe kwenye oveni yenye nyuzijoto 105 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena. Jicho lisitegemewe. Keki yenye polima nyingi huonekana imeshikana vizuri ilhali imebeba maji, na keki ya rangi nyeusi huonekana nyevu kuliko ya kahawia hata zikiwa sawa.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, andika ulichobadilisha na saa uliyobadilisha, kisha subiri nusu saa au zaidi kabla ya kuhukumu matokeo. Mwendeshaji anayeongeza polima, kupunguza kasi ya mkanda na kufungua vali ya tope ndani ya dakika tano hawezi kujua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu.

Dalili: keki inatoka laini, imejaa maji

Ili pawe na kipimo cha kulinganishia, mashine ya mikanda kwa kawaida hutoa keki yenye yabisi asilimia 15 hadi 25, na sentrifuji asilimia 20 hadi 30, kutegemea aina ya tope. Kushuka kwa pointi moja au mbili kwa siku moja si jambo la kutisha. Kushuka kwa pointi nne na kubaki huko kunahitaji maelezo.

Chanzo kinachoongoza ni tope kubadilika. Tope la msingi, lile linalotuama kabla ya hatua ya kibiolojia, lina nyuzi na chembe nzito zinazoachia maji kwa urahisi. Tope la kibiolojia limeundwa na seli za bakteria na ute unaozizunguka, na maji yaliyomo ndani ya seli na ute huo hayakamuliki kwa shinikizo la kawaida hata mkanda ukazwe vipi. Uwiano wa aina hizi mbili ukiegemea upande wa tope la kibiolojia, labda kwa sababu pampu ya tope la msingi imezimwa kwa matengenezo, keki italainika na hakuna marekebisho ya mashine yatakayoirudisha pale ilipokuwa. Kwa hiyo swali la kwanza lielekezwe kwa wenzako wa matangi: ni nini kimebadilika katika siku tatu zilizopita? Waulize pia tope limekaa muda gani kwenye tangi la kuhifadhia. Tope lililokaa siku kadhaa bila hewa huoza, chembe zake husagika kuwa laini, na mahitaji yake ya polima hupanda.

Chanzo cha pili kimejificha ndani ya hesabu. Tuseme tope linaingia mita za ujazo 10 kwa saa likiwa na yabisi asilimia 3. Hizo ni kilo 300 za yabisi kwa saa. Ikiwa kipimo kilichochaguliwa ni kilo 6 za polima kwa kila tani ya yabisi, mashine inahitaji kilo 1.8 za polima kwa saa, sawa na lita 600 za myeyusho wenye ukolevu wa asilimia 0.3. Sasa tangi la kukolezea tope likifanya vibaya na yabisi ikashuka hadi asilimia 1.5, huku pampu zote mbili zikiendelea kama jana, kipimo halisi kimeruka hadi kilo 12 kwa tani bila mtu yeyote kugusa kitufe. Keki huwa ya kunata na laini, na mwendeshaji anayeamini kwamba ulaini daima hutokana na upungufu huongeza polima zaidi. Kosa hili hurudiwa kuliko jingine lolote katika kazi hii, na dawa yake ni kupima yabisi inayoingia angalau mara moja kila zamu na kurudia hesabu.

Tatu, angalia kama mashine imezidishiwa mzigo. Punguza tope linaloingia kwa robo, na polima kwa kiwango hicho hicho, kisha uone kama keki inaimarika. Ikiimarika, tatizo ni wingi.

Baada ya hapo ndipo marekebisho ya mashine yanapokuwa na maana. Kwenye mashine ya mikanda, punguza kasi ya mkanda kidogo kidogo ili tope likae muda mrefu zaidi kati ya rola, na uhakikishe kwamba katika eneo la mwanzo, ambapo maji hutoka kwa uzito wake tu, tope limeacha kuwa la majimaji kabla ya kuingia kwenye kabari, yaani sehemu ambapo mikanda hukaribiana na kuanza kulibana. Kwenye sentrifuji, punguza tofauti ya kasi kati ya ngoma na parafujo ya ndani, kwa sababu tofauti ndogo huipa keki muda zaidi wa kugandamizwa. Fanya hivyo ukiwa umekazia macho mzigo wa parafujo, kwani keki ikirundikana ndani mzigo hupanda na parafujo inaweza kukwama.

Ikiwa tope, polima na mipangilio vyote viko sawa na bado keki imeshuka hatua kwa hatua kwa miezi, shuku uchakavu: mkanda uliozibwa matundu, rola zilizolika, au kingo za parafujo zilizosagwa na mchanga. Ukaguzi wa ndani ya sentrifuji si kazi ya zamu ya usiku. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa na mtengenezaji.

Dalili: maji ya mkamuo ni machafu

Ukamuaji mzuri hubakiza kwenye keki asilimia 95 au zaidi ya yabisi yote iliyoingia. Kinachopotea hakiendi mbali: hurudi mwanzoni mwa mtambo, huzunguka matangi yote, na hurejea kwenye mashine kikiwa chembe laini ambazo ni ngumu zaidi kukamatwa. Mtambo unaweza kuwa unakamua tope lile lile mara ya tatu huku takwimu za saa za kazi zikipendeza.

Kwenye mashine ya mikanda, hakikisha kwanza kwamba unapima kitu sahihi, maana maji ya kuoshea mkanda mara nyingi huchanganyika na maji ya mkamuo katika mfereji mmoja. Chukua sampuli chini ya eneo la mwanzo, kabla hayajachanganyika.

Maji yakiwa meusi na madonge yakiwa madogo, polima ni pungufu au haijakomaa. Maji yakiwa na povu na yakateleza kati ya vidole, polima imezidi. Maji yakiwa machafu ilhali madonge ni makubwa na imara, tafuta njia ambayo tope linapitia: mkanda uliochanika, kizuizi cha mpira cha pembeni kilicholika, au, kwenye sentrifuji, vibao vya kuzuia maji vilivyowekwa chini mno hivi kwamba kina ndani ya ngoma hakitoshi chembe kutuama. Kupandisha vibao husafisha maji lakini kwa kawaida hulainisha keki kiasi, na mwendeshaji hana budi kuchagua. Ninashauri usafi wa maji upewe kipaumbele, kwa kuwa hasara ya keki laini huonekana kwenye lori ilhali ile ya maji machafu hujificha ndani ya mtambo kwa wiki nyingi. Ubadilishaji wa vibao hufanywa mashine ikiwa imesimama kabisa na swichi kuu imefungwa kwa kufuli.

Dalili: madonge hayajiundi, au yanajiunda na kuvunjika

Chembe za tope hubeba chaji hasi na husukumana. Polima yenye chaji chanya huziunganisha kuwa madonge, na bila madonge hakuna mashine itakayokamua. Dalili hii basi huchunguzwa kwenye chumba cha polima, si kwenye mashine.

Anza kwa kuangalia kama polima inafika kweli. Kukatika kwa mtiririko kwa sababu ya kichujio kilichoziba, vali iliyosahauliwa au tangi tupu ni jambo la kawaida kuliko inavyokubaliwa. Usiamini namba kwenye kioo cha pampu. Pima kwa ndoo yenye alama na saa.

Pili, chunguza myeyusho. Polima ya unga inahitaji dakika 30 hadi 60 za kukorogwa taratibu ili minyororo yake ifunguke, na ukolevu wa asilimia 0.1 hadi 0.5 ndio unaotumika sana. Ukiona vidonge vya utelezi vinavyoelea, unga ulimwagwa haraka kuliko maji yalivyoweza kuulowesha, na sehemu hiyo ya polima imepotea moja kwa moja. Myeyusho uliolala tangu juzi umepoteza nguvu. Maji yenye klorini nyingi, chuma au chumvi za ugumu nayo huudhoofisha, jambo linaloeleza kwa nini mtambo uliobadilisha chanzo cha maji ya kuyeyushia huanza kusumbuka siku hiyo hiyo.

Tatu ni nguvu ya kuchanganya. Madonge yanayoonekana mazuri kwenye bomba na kufika kwenye mkanda yakiwa yamesagika yamechanganywa kwa nguvu mno au yamesafiri mbali mno. Sogeza sehemu ya kuingizia polima karibu na mashine, au legeza vali ya kuchanganyia. Madonge yasipojiunda kabisa mahali polima inapoonekana ikielea peke yake, fanya kinyume chake.

Yote hayo yakiwa sawa, fanya jaribio la vikombe, ambalo halihitaji maabara. Weka mililita 500 za tope kwenye kikombe cha lita moja, ongeza kipimo cha myeyusho, kisha mimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara kumi na uchuje kwa kipande cha kitambaa cha mkanda. Kwa tope lenye yabisi asilimia 3 na myeyusho wa asilimia 0.3, mililita 20 ni sawa na kilo 4 kwa tani, mililita 30 ni kilo 6, na mililita 40 ni kilo 8. Kipimo kinachofaa ni kile kidogo kabisa kinachotoa madonge yasiyovunjika na maji yanayochujika haraka yakiwa maangavu. Ikiwa hakuna kipimo kinachofanya kazi, aina ya polima hailingani tena na tope, na hapo ndipo mtaalamu wa kemikali aitwe na ajaribu aina nyingine kwenye tope lako, akiwa mtamboni. Majaribio yaliyofanywa kwenye sampuli iliyosafirishwa siku mbili yana thamani ndogo.

Tahadhari: polima iliyomwagika sakafuni huteleza kuliko mafuta, na kuimwagia maji huongeza eneo la hatari. Ifunike kwa mchanga au maranda, izoe ikiwa kavu kadiri inavyowezekana, na maji yaje mwisho kabisa.

Dalili: tope linamwagika pembeni mwa mkanda, au mkanda unahama

Tope linalochuruzika pembeni mara nyingi limeingia kwenye kabari likiwa bado la majimaji. Rudi kwenye madonge na wingi wa tope kabla ya kulegeza mkanda. Ikiwa eneo la mwanzo linabaki bwawa licha ya madonge mazuri, mkanda umeziba: nozeli za kuoshea zimejaa uchafu, shinikizo la maji ya kuoshea limeshuka, au polima iliyozidi imepaka kitambaa. Safisha nozeli zote kwanza. Kazi hiyo ya nusu saa hutatua sehemu kubwa ya visa, nayo huahirishwa kila wiki kwa sababu haimpendezi mtu yeyote.

Mkanda unaohama upande mmoja kwa kawaida hulishwa tope upande mmoja. Sawazisha usambazaji, kisha angalia kikwangulio na kifaa cha kurekebisha mwelekeo. Rola iliyopinda au beringi iliyokufa hubaki kuwa jambo la mwisho, na ni la fundi. Usiingize mkono, fimbo wala ufagio kwenye mkanda unaotembea, hata kwa kasi ile ndogo ya mita chache kwa dakika, kwa maana rola hazirudishi zilichoshika.

Dalili: sentrifuji inatetemeka

Mtetemo wakati wa kuwasha karibu daima unatokana na keki iliyokauka ndani ya ngoma kwa sababu mashine ilizimwa bila kuoshwa. Zima, osha kwa maji mengi kwa kasi ndogo kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyoruhusu, kisha ujaribu tena mara moja. Mtetemo unaoanza katikati ya kazi unaweza kutokana na tope linaloingia kwa vipindi, mzigo mkubwa wa parafujo, au kipande cha chuma au jiwe lililopenya. Mtetemo unaoongezeka polepole kwa wiki, hasa ukiambatana na joto la beringi, ni uchakavu.

Hapa mpaka ni mmoja. Kinga ya mtetemo ikizima mashine mara ya pili, usiiwashe tena, na kamwe usiivuruge kinga hiyo ili zamu imalizike. Ngoma hizi huzunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika na huchukua muda mrefu kusimama baada ya umeme kukatwa. Mfuniko haufunguliwi mpaka mzunguko uwe umekoma kabisa.

Dalili: mabomba ya maji ya mkamuo yanajaa fuwele ngumu

Tatizo hili huonekana hasa mahali tope linapomeng'enywa bila hewa. Umeng'enyaji huachia amonia na fosfati, na zikikutana na magnesi hutengeneza fuwele nyeupe au za kijivu ziitwazo struvaiti. Hujikusanya kwenye viwiko, pampu na vali, ambako msukosuko wa maji huondoa kaboni dioksidi na kupandisha pH. Safu nyembamba huyeyuka kwa asidi hafifu inayozungushwa ndani ya bomba. Kazi ya asidi ifanywe na mtu aliyefunzwa, mwenye kinga za macho na mikono, na bomba liwe limetengwa. Kuongeza chumvi ya chuma kabla ya ukamuaji hushika fosfati na hupunguza tatizo kwenye chanzo chake. Bomba lililoziba zaidi ya nusu ni rahisi kulibadilisha.

Dalili: vitanda vya kukaushia havikauki

Angalia kina cha tope lililomwagwa juu ya mchanga wa kitanda. Tabaka la sentimita 20 hadi 30 linatosha, na tope linalomwagwa juu ya lile la awali ambalo halijakauka halitakauka lolote kati ya hayo mawili. Mchanga uliozibwa na tope laini hukwanguliwa sentimita chache za juu na kuongezewa mwingine. Tope bichi ambalo halijameng'enywa huziba mchanga na kunuka, na halipaswi kuwa hapo. Mfereji wa chini usipotoa maji yoyote siku ya kwanza baada ya kumwaga, mabomba yameziba.

Dalili: harufu kali ya mayai yaliyooza

Tope limekaa bila hewa na linatoa salfidi ya hidrojeni. Kiutendaji, fupisha muda wa tope kwenye tangi la kuhifadhia na uwashe vipulizia hewa vya chumba cha ukamuaji. Kiusalama, suala ni zito kuliko usumbufu wa pua: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa kwenye mashimo na matangi, na ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, hivyo harufu inayotoweka ghafla si dalili ya kwamba hatari imekwisha. Kipima gesi kikilia, ondokeni wote kwanza na maelezo yatafutwe nje. Mwenzako akianguka ndani ya tangi, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, kwa kuwa watu wengi hufa katika nafasi za namna hiyo wakiingia kuokoa. Piga simu kwa kikosi cha uokoaji, zima kinachoweza kuzimwa, na endelea kusukuma hewa safi ndani kutoka juu.